Mbwa wa Memsahib Alipiga Chafya, Mtoto Akakosa Jina

Kwako mama Wachuka wa gazeti, salamu nyingi kutoka huku Subukia. Mimi ni mzee, shule sikuingia hata kuchungulia kwa dirisha, hii maneno anaandika Hiram, fundi wa cherehani hapa kwa maduka, mimi nasema yeye anaandika, na nimemwambia asipunguze, kwa sababu Hiram ni mtu wa kupenda kupunguza, hata nguo anapunguza. Naomba uniokoe haraka, mama, nimebanwa katikati, upande huu iko mbwa, upande huu iko dada ya marehemu bwana yangu, na hapa katikati iko mtoto mchanga ambaye mpaka leo hana jina.

Wacha nianze na mbwa ndiyo uelewe. Mimi nakaa kwa shamba ya mzungu, nililea watoto yake mpaka wakaenda Ulaya kusoma wakasahau kurudi, sasa nimebaki na kazi kidogo kidogo, kuangalia kuku, kukunja nguo, kuulizwa chumvi iko wapi na mpishi ambaye ameiweka mwenyewe. Memsahib alipata mbwa moja, na mama, hujaona mbwa kama hii. Ni ndogo, inaenea ndani ya kikapu ya mayai, nywele inafagia chini kama sketi ya sista wa misheni, pua haina, uso imekaa kama mtu aligongana na mlango, na macho ni makubwa, inakuangalia mpaka unajiuliza umefanya nini. Memsahib alisema kabila yake ni Pekinizi, ya China, zamani ilikuwa inakaa na wafalme, haichungi, haiwindi, mwizi akikuja inamwangalia tu. Nikamuuliza, "Sasa memsahib, hii kazi yake ni gani?" Akasema, "Inakaa na mimi, yaya." Nikafikiri, sawa, hata mimi mtu akinilisha nyama ya kusaga nitakaa na yeye.

Basi memsahib akaenda Ulaya kuona wale watoto, na Lulu, hiyo ndiyo jina ya mbwa, akaniachia mimi. Si mpishi, si Kimaiyo nyapara, mimi. Akanipa brashi, na kitana ya chuma, na kitambaa ya kupanguza macho, akasema, "Yaya, kila siku nywele, kila siku macho, jua kali hapana, maziwa hapana." Nikasema ndiyo memsahib. Na nilifanya, kwanza nilifanya, nisisingiziwe na mtu. Nikampeleka kwa nyumba yangu kwa sababu kule nyumba kubwa alikuwa analia peke yake, na hata mimi tangu bwana yangu afe ile nyumba ilikuwa imenyamaza sana, sasa ikawa na mtu wa kukoroma.

Sasa Zeddy, bibi ya kijana yangu Kiprugut, yule ako Nakuru kwa kazi ya reli, akazaa msichana. Mtoto mzuri, kichwa mviringo, sauti anayo. Na kwa kuwa wewe si mtu wa kwetu nikuambie, kwetu mtoto hapewi jina hivi hivi tu. Sisi wamama wazee tunakaa na yeye ndani ya nyumba, tunaita watu wetu waliotangulia, huyu halafu huyu, na ile jina mtoto akisikia anapiga chafya, basi huyo ndiye amerudi, jina imepatikana. Mtoto akichelewa tunamnusisha ugoro kidogo, si vibaya, ni kumsaidia. Zeddy ni mtu wa kanisa, jina ya ubatizo alikuwa amechagua tayari, lakini hii pia alitaka, alisema moja ni ya mbinguni na moja ni ya nyumbani, mtoto asipotee pande yoyote, na ile ya mbinguni inangoja siku ya ubatizo.

Tukamwita Tapsubei, dada ya bwana yangu, akakuja kutoka Olenguruone juu ya lori ya viazi, amekalia gunia kama chifu. Tapsubei na ugoro ni kitu moja, mama. Akitingisha shuka yake kuku inakimbia. Tukafunga mlango, moto unawaka, moshi imejaa, Zeddy ameshika mtoto, mimi nimeshika Lulu kwa magoti maana ukiiweka chini inaanza malalamiko, Tapsubei akafungua ugoro yake akaanza kuita. Akaita nyanya yake ya zamani. Mtoto kimya. Akaita shangazi yake. Mtoto anapiga mwayo. Akaita mama yake mwenyewe, yaani mama mkwe yangu, mimi jina yake siitaji, kwetu bibi hataji jina ya mama ya bwana yake, Hiram anauliza sasa aandike nini, andika mama mkwe, Hiram, na uache udadisi. Basi akaita hiyo jina, na Lulu akapiga chafya.

Si chafya ndogo. Kichwa yote ilitingika, masikio ikaruka juu ikarudi.

Tapsubei akasema, "Nani hiyo?"

Zeddy akasema, "Si mtoto."

Tapsubei akaangalia Lulu. Lulu akaangalia Tapsubei. Na mama, nisikufiche, ile kuangalia ilikuwa ya mama mkwe kabisa, ile ya kukuona umeunguza mboga na hasemi kitu. Tapsubei akaita tena, polepole. Lulu akapiga tena. Tapsubei akaanguka magoti, machozi hii hapa, akasema, "Mama, umepitia wapi?"

Tangu siku hiyo mimi sina nyumba. Tapsubei hajarudi Olenguruone, viazi yake inaoza huko. Mbwa inaitwa Mama, imevalishwa shanga, inalala kwa kitanda yangu na mimi nalala chini kwa ngozi. Nikisema, "Tapsubei, hii ni mbwa ya mzungu," ananijibu, "Ulimchukia akiwa na miguu mbili, sasa unamchukia akiwa na nne." Na mimi sikumchukia, yeye ndiye alikuwa mgumu, alikuwa anaonja maziwa yangu mbele ya wageni halafu anauliza nani alifundisha huyu kuosha kibuyu, lakini wacha ninyamaze, yuko hapa ndani ya kikapu anasikia. Unaona, mama? Hata mimi nimeanza.

Kila kitu ya hii mbwa imekuwa ushahidi. Inakoroma, Tapsubei anasema mama alikuwa anakoroma hivyo hivyo mpaka ndama inaamka. Inakaa chini katikati ya njia mpaka ubebe, anasema mama alikuwa hapendi kilima. Haikubali chakula mpaka ulishe kwa mkono, anasema si unaona mwenyewe. Macho inatoa maji asubuhi mpaka jioni, anasema mama analia kwa sababu hakupokelewa vizuri, na akisema hivyo ananiangalia mimi. Na nywele ndiyo mbaya kabisa. Nilishika brashi nichane vile memsahib alisema, Tapsubei akanishika mkono. "Tangu lini bibi ya kijana anashika kichwa ya mama mkwe?" Na hiyo ni kweli, mama, hiyo si yeye ametunga, hata mimi nilisikia mkono inakataa. Basi brashi imekaa. Nywele ya tumbo imeshikana imekuwa kama kofia ya mlevi, mbegu ya kishona nguo imejaa mpaka kwa mkia, nyuma ya masikio iko vifundo ngumu kama maharagwe, na juu ya hayo Tapsubei anampaka samli ang'are, sasa nzi wamejua njia. Anampa maziwa lala ya kibuyu, ile kibuyu yake inapakwa mkaa ndani, kwa sababu mama alikuwa anaipenda, tumbo inaendesha, na nani anafagia? Bibi ya kijana.

Na mtoto hana jina. Zeddy alisema tuite tena, Tapsubei akasema jina ya mama imechukuliwa na mama mwenyewe, na kuita mtu mwingine wakati mama amekaa hapo anaangalia ni matusi. Kiprugut ametuma neno kutoka Nakuru anauliza mtoto ni nani, tumjibu nini? Mtoto ya watu anaitwa Huyu. "Lete Huyu anyonye." "Huyu amekojoa." Zeddy analia, anasema, "Mama, hata ng'ombe zako zote ziko na majina." Na wamama wa laini yetu ya nyumba za wafanyakazi wakikuja kwa maji wananong'ona, mtoto akikaa hivyo bila mtu wake wa kumshika mkono hatakuwa na nguvu. Mimi nawaambia waende zao, lakini nikirudi ndani namwangalia vile anapumua.

Sasa memsahib ameandikia mpishi amepanda meli. Akishuka Mombasa ni treni tu, amefika. Juzi Kimaiyo nyapara alinikuta njiani nimebeba, akasema, "Mama Kiprugut, hiyo ni nini umebeba?" Nikasema ni Lulu. Akasema, "Hiyo si Lulu, hiyo ni kitambaa ya kupanguza trakta. Memsahib akiuliza, mimi sikuona kitu. Na uanze kutafuta mahali pa kupeleka hizo ng'ombe zako." Hana mdomo mzuri huyo, hata akiwa mtoto hakuwa nayo. Tapsubei naye anasema mbwa haitoki kwa hii boma, mama hatakwenda kuwa boi ya mzungu, mtu akikuja kumchukua yeye atalala mlangoni wamruke.

Niambie, mama. Nikitoa mbwa, nimepeana mama mkwe kwa wazungu na jina ya mtoto imeenda na yeye. Nikikataa, tunafukuzwa kwa shamba, mimi na ng'ombe na Zeddy na Huyu, na mama mkwe juu. Halafu iko neno moja, Hiram, hii uandike ndogo ndogo: hii mbwa nimeizoea. Ikikosa kwa magoti nasikia baridi. Kama ni yeye kweli, basi amerudi mtu mzuri kuliko zamani, na hiyo siwezi kumwambia Tapsubei, atafurahi sana.

Ni mimi mama yake Kiprugut, Subukia.

MAMA WACHUKA ANAJIBU

Mama Kiprugut, barua yako nimeitanguliza mbele ya wanaume wanaolalamika juu ya wake zao. Wao watangoja, hakuna anayewafukuza shambani. Pole sana kwa kulala chini na umri wako. Sasa kaa vizuri, nikukaripie kidogo.

Kwetu sisi hatungoji chafya. Msichana wa kwanza anapewa jina la mama wa baba yake, basi, hata kama bibi huyo alikuwa moto wa kuotea mbali. Kwa hiyo desturi yenu siicheki, naona hata ina nafasi ya kujadiliana. Lakini wewe mwenyewe umenieleza kwamba mtoto ndiye anapiga chafya. Hukusema yeyote aliyemo nyumbani. Kama ungepiga wewe, leo ungekuwa mama mkwe wako?

Kabla sijaja mjini nilikuwa yaya huko Njoro, na nyumba ile ilikuwa na mbwa wa aina hiyo hiyo, kwa hiyo usifikiri nabahatisha. Pua yake imesukumwa ndani, hewa haina pa kupita. Anakoroma akilala, anakoroma akiwa macho, anapiga chafya kwa vumbi, kwa nyasi, kwa moshi, hata kwa furaha ya kukuona. Nyinyi mlifunga mlango, mkajaza moshi, Tapsubei akafungua ugoro karibu na uso wake, halafu mkapiga magoti! Ng'ombe angewekwa pale naye angepiga chafya. Kilima hapandi kwa sababu pumzi inamwishia, si kiburi. Macho yake yametokeza na nywele zinayachoma, ndiyo maana yanatoa maji. Halilii heshima, anawashwa. Na maziwa uliambiwa. Uliambiwa, mama, ukasema ndiyo memsahib.

Hivyo vifundo, kila akigeuka vinamvuta ngozi, na chini yake samli na unyevu vinamla. Mnyama anaumia huku mnamwita Mama. Hakuna mama anayetunzwa namna hiyo, na hilo ndilo nimelikasirikia kuliko mengine.

Usibishane na Tapsubei. Mtu aliyeanguka magoti mbele ya wengine hainuki kwa kuchekwa. Mpe brashi. Wewe huwezi kushika kichwa cha mama mkwe, sawa, adabu yako sitaivunja, lakini yeye ni binti. Kama huyo ni mama yake, kumchana ni kazi yake, na amekaa bure muda wote huo akila ugali wako. Akae nje kivulini, mbali na moshi. Amnyunyizie unga wa mahindi unyonye samli. Vifundo avilegeze kwa vidole kwanza, kisha kitana, aanze nchani akipanda polepole kuelekea kwenye ngozi, maana akianzia juu anamng'oa. Kifundo kitakachokataa kikatwe na mkasi wa Hiram, vidole vya anayekata viwe kati ya mkasi na ngozi. Mbwa aogeshwe kwa maji vuguvugu akaushwe kabisa, baridi ya asubuhi za Subukia naijua. Macho yapanguzwe kwa kitambaa chenye maji, nywele za usoni zifungwe juu kwa uzi, shanga zitoke. Nyama iliyochemshwa na wali, maziwa hata tone hapana. Na mkimbeba, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya matako, asining'inie kama kuku wa soko.

Tapsubei akiwa katika kuchana, na ugoro wake uko wazi kama kawaida, wewe piga soga. Mtaje Kimaiyo nyapara. Mtaje Hiram. Taja lori la viazi. Chafya itakuja kwa mmoja wao, na Kimaiyo yuko hai, anapiga kelele shambani. Hapo usiseme lolote, usicheke, angalia kuku wako. Tapsubei si mjinga, anajua kabisa kwamba huyo ni mbwa. Anachokosa ni mama yake, na katika barua yako ndefu sijaona mahali ulipomuuliza habari hiyo. Mlikuwa mnagombania kitanda. Muulize. Wewe pia ulimfahamu huyo mzee, na ikiwa sasa unamkumbuka kwa wema kidogo, mwambie Tapsubei, mwache afurahi. Itakugharimu nini?

Memsahib mwambie mwenyewe kabla Kimaiyo hajafungua mdomo: nywele zimekatwa hapa na hapa kwa sababu zilishikana, tumbo liliharibika kwa maziwa, sasa ni zima. Atakasirika. Nywele hizo huota polepole sana, atakasirika mara nyingi. Lakini kidonda kilichofichwa kingekufukuzisha, nywele fupi hazitakufukuzisha. Mambo ya mama mkwe usimwambie, hayamhusu. Kisha omba ubaki na kazi ya kumchana kila siku. Alikuachia wewe kwa sababu zake, na magoti yako yatapata joto bila ugomvi na mtu.

Lakini mtoto asingoje meli. Siku hiyo hiyo Tapsubei akishaweka brashi chini, mbwa apelekwe kwa mpishi, moto utolewe nje, mlango ufungwe. Zeddy ampakate mtoto. Tapsubei aanze na jina la mama yake, na alitaje kwa nguvu. Kama mzee huyo alikuwa mgumu vile unavyosema, hawezi kukubali kukaa kwa mbwa wa watu wakati kitukuu chake mwenyewe anamngoja. Mwiteni tena. Atakuja, na atawauliza ni nani aliyewachelewesha.